Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?
Kulala kambini Mahale, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika

Katika ramani ya Tanzania, upande wa magharibi kabisa, iko sehemu ya nchi inayochomoza ndani ya Ziwa Tanganyika mfano wa kifundo cha mkono. Hapo ndipo ilipo Milima ya Mahale, yapata kilomita 130 kusini ya mji wa Kigoma. Milima hiyo huanzia majini na kupanda hadi kilele cha Nkungwe, chenye urefu wa mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa uso wa ziwa wenyewe uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa huo, mtu aliyesimama mchangani huwa anautazama ukuta wa msitu na majabali wenye kimo cha karibu mita 1,700. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari. Aendaye huko hufika kwa mashua, au kwa ndege ndogo hadi kwenye kiwanja cha majani kilicho mpakani, na kutoka hapo kwa mashua pia. Kwa miaka mingi wasafiri walishuka usiku kutoka meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikaopolewa na kurudishwa kazini mwaka 1927.

Kambi za Mahale ni mahema na vibanda vichache vilivyopangwa chini ya miti, hatua chache kutoka majini. Mgeni ashukapo mashuani hupewa karibu na maji ya kunywa, kisha huulizwa swali ambalo nyumba za wageni za mijini haziulizi: je, anakohoa? Ana mafua, ana homa, anaharisha? Asijibu kwa haya. Jibu lake ndilo litakaloamua kama kesho atapanda mlimani pamoja na wenzake ama atabaki kambini.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Mahale msemo huo unaweza kugeuka. Wenyeji wa msitu ule ni sokwe, wale ambao siku hizi huitwa pia sokwe mtu, na yamekwisha kutokea magonjwa ambayo wenyeji hao hawakupona. Ili kuelewa sababu yake, yafaa kwanza kujua ni nani waliopata kulala ukingoni hapo kabla ya mgeni wa leo.

Waliotangulia ni Watongwe. Hao walikuwa wakiishi katika vijiji vidogo vidogo vilivyotawanyika, wakilima, wakivua na kuwinda, na wakiijua miti ya msitu mmoja mmoja kwa jina na kwa matumizi. Mwaka 1965 alifika mahali paitwapo Kasoge kijana kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto, Toshisada Nishida. Walimu wake, Kinji Imanishi na Junichiro Itani, walikuwa wamekwisha kuanza safari za utafiti katika Afrika tangu mwaka 1958, lakini kumsogelea sokwe wa porini lilikuwa jambo gumu. Nishida alipanda miwa. Sokwe walikuja kula miwa hiyo, na kidogo kidogo wakamzoea mtu. Kwa njia hiyo alitambua jambo ambalo wakati ule halikujulikana vema: kwamba sokwe huishi katika makundi yenye wanachama maalumu na mipaka inayolindwa, na kwamba wanaolihama kundi la kuzaliwa wakisha kupevuka ni majike, wala si madume. Makundi mawili yaliyozoea watu yalipewa herufi K na M. Utafiti huo haujakatika tangu siku hizo. Nishida alifariki mwaka 2011, na kundi la M lingali likifuatwa msituni na wanafunzi wa wanafunzi wake.

Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, Watongwe wa Kasoge walihamishwa. Mwaka 1985 eneo lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,613 likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na tangu hapo hakuna kijiji ndani yake. Historia hiyo haifai kupitwa kimya, kwa sababu mgeni anayesifu «pori lisiloguswa» huwa amekaa, pengine bila kujua, chini ya mwembe uliopandwa na mtu. Miembe, mipera na milimau ya mashamba ya zamani iliendelea kuzaa baada ya wenyewe kuondoka. Kwa muda mrefu sokwe wa Mahale hawakuyajali matunda hayo. Baadaye, mmoja baada ya mwingine, walianza kuyaonja, na watafiti wakaweza kuandika hatua kwa hatua jinsi chakula kipya kinavyoingia katika mila za kundi. Wataalamu hulitaja neno hilo «mila» bila kusita. Sokwe wa Gombe, walio kaskazini katika ufuko uleule wa ziwa, hula matunda ya mchikichi. Wale wa Mahale wanao mchikichi huohuo na hawali.

Basi tuseme mgeni amefika, amejibu maswali, na jua limekaribia kuchwa nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Usiku wa kwanza kambini una mafunzo yake, na mengi ni ya fizikia.

Mchana upepo ulikuwa ukitoka ziwani kwenda mlimani. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake hupanuka, huwa nyepesi na kupanda, na hewa ya ziwani huingia kujaza nafasi. Ikipanda ubavu wa Nkungwe hewa hiyo hupoa, mvuke wake hugeuka mawingu, na ndiyo maana ubavu wa magharibi wa milima una msitu mnene wenye mvua nyingi, hali upande wa mashariki ni miombo mikavu. Sokwe wa kundi la M wanaishi katika msitu huo ulioleta uhai wake kutoka ziwani. Baada ya jua kutua mambo hupinduka. Mlima hupoteza joto upesi, maji hubaki na lake, na hewa baridi huteremka mabondeni kuelekea ziwani. Mgeni aliyefunga mlango wa hema upande wa maji akidhani baridi itatoka huko, hugutuka usiku wa manane akiupata upepo kisogoni.

Giza likishika, upeo wa ziwa hujaa taa. Hao ni wavuvi wa dagaa, nje ya mpaka wa hifadhi, kwa maana ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6 kandokando ya ufuko ni sehemu ya hifadhi na uvuvi umekatazwa humo. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri. Kisayansi kazi yao ni ileile. Katika ziwa hili kuna aina mbili za dagaa, nao ni wa jamaa moja na samaki wa baharini waitwao saradini. Mchana dagaa hukaa vilindini kidogo wakijificha wasionwe na migebuka wanaowawinda. Usiku hupanda juu kuwafuata viumbe vidogo mno vielea-maji, yaani planktoni, ambavyo navyo hupanda na kushuka kila siku. Taa huvikusanya vielea-maji, dagaa hukusanyika kuvila, migebuka hufuata dagaa, na wavu huinuliwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu nuru hutawanyika ziwani kote, taa ya mvuvi hupoteza nguvu, nayo mitumbwi hupumzika. Mgeni aliyekuja wakati wa mbalamwezi akitumaini kuyaona mandhari ya taa atakuwa amekosea kalenda.

Lakini jambo kubwa zaidi halionekani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa. Duniani hakuna ziwa la maji baridi linalolipita kwa kina ila Baikal la Urusi. Lina urefu wa kilomita 670 hivi, na umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni tisa hadi kumi na mbili. Hata hivyo samaki wanaishi katika tabaka la juu tu. Chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na mita 200 na zaidi kidogo upande wa kusini, maji hayana oksijeni. Yamejaa haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza, na humo hapana kiishicho ila bakteria wa aina maalumu. Yaani ziwa lililo mbele ya kambi, kwa sehemu yake kubwa, ni maji mafu ambayo juu yake umetandikwa utando mwembamba wa uhai.

Kwa nini maji hayachanganyiki? Kule chini jotoridi ni kiasi cha nyuzi 23 na nusu za Sentigredi. Juu ni nyuzi 25 hadi 28. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, na mwanafunzi ana haki ya kushangaa kwamba inatosha kulizuia ziwa zima. Jibu lake ni kwamba wepesi wa maji hauongezeki kwa hatua zilizo sawa. Kupasha maji kutoka nyuzi 25 hadi 26 hupunguza uzito wa ujazo wake zaidi ya mara kumi kuliko kuyapasha kutoka nyuzi 5 hadi 6. Kwa hiyo katika nchi za joto nyuzi mbili au tatu hufanya kifuniko kizito. Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Mimina maji ya uvuguvugu katika chupa pana ya kioo hadi nusu. Chukua maji ya mtungini yaliyotiwa rangi ya wino, uyateremshe taratibu kwa mrija hadi chini. Rangi itakaa chini kwa muda mrefu, na mpaka wake utaonekana wazi. Kisha wanafunzi wapulize juu ya maji kwa nguvu, waone ni kazi gani kuuvunja mpaka huo kwa upepo pekee.

Na ni upepo pekee unaolilisha ziwa. Mimea midogo inayoelea huhitaji nuru, iliyo juu, na virutubisho, ambavyo vimezama chini pamoja na mizoga na mabaki ya karne nyingi. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yenye rutuba huinuka kujaza pengo. Pepo zikipungua kasi, au maji ya juu yakizidi kupata joto, kifuniko huwa kizito zaidi na rutuba hubaki chini. Mwaka 2003 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature hesabu iliyoonyesha kwamba joto la karne ya 20 lilikuwa limepunguza uzalishaji wa mimea ya ziwa kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba upungufu huo ungeweza kuwapunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Wako waliojibu kwamba nyavu zimezidi mno, na kwamba uvuvi nao una hatia yake. Yamkini pande zote mbili zina haki. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa mapatano na nchi jirani zenye ziwa hilo, ambazo ni Burundi, Kongo na Zambia. Taa zilizomburudisha mgeni mlangoni pa hema ni riziki ya mamilioni ya watu, nayo riziki hiyo inategemea nyuzi chache za joto.

Ziwa lina tabia nyingine inayomhusu mgeni moja kwa moja, hasa anapotafuta mahali pa kufulia nguo. Mto mmoja tu hutoa maji humo, nao ni Lukuga, unaokwenda Kongo. Maji mengi zaidi huondoka kwa njia ya mvuke, kiasi cha mita moja na nusu kila mwaka. Mvuke hauchukui chumvi, wala sabuni, wala mafuta ya mashua. Kilichoyeyuka majini hubaki kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo mashimo ya vyoo ya kambi iliyo makini huchimbwa mbali na ufuko, na mgeni huombwa kuogea nchi kavu. Wengine hunung'unika kwamba ziwa ni kubwa na sabuni yao ni kidogo. Hesabu hiyo huwa sahihi kwa mtu mmoja.

Wala ufuko haukai mahali pamoja. Katika karne ya 19 mdomo wa Lukuga uliziba kwa matope na mimea, ziwa likapanda mpaka kizuizi kikavunjika mwaka 1878 na maji yakashuka. Baada ya mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 yalipanda tena. Miaka ya karibuni, hasa 2020, 2021 na 2024, yalimeza sehemu za fukwe, barabara na majengo huko Bujumbura na Kigoma. Anayejenga kambi mchangani hana budi kujenga kitu kinachoweza kung'olewa.

Kukipambazuka, watembeza wageni, ambao wengi wao ni watoto na wajukuu wa nchi hii hii, huwa wamekwisha kuondoka. Hupanda wakasikilize. Sokwe hulala juu ya miti katika matandiko ya matawi wanayoyasuka upya kila jioni, na waamkapo huitana kwa kelele zinazosikika mbali. Wakisha kujulikana walipo, wageni hufuata kwa kundi dogo. Safari yaweza kuwa ya nusu saa au ya saa tano, kwa kuwa sokwe hawana miadi na mtu.

Katika msitu huu ndipo kulipopatikana mojawapo ya habari za ajabu za elimu ya wanyama. Mwezi Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mwenye elimu ya miti shamba, walikuwa wakimfuata jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa dhahiri: alilala mchana, hakucheza na mwanawe, choo chake hakikuwa cha kawaida. Chausiku alikwenda kwenye kichaka, akavunja chipukizi, akaambua ganda, akatafuna moyo wake na kufyonza maji machungu, huku akitema nyuzi. Seifu aliutambua mti huo mara moja. Kwa Kitongwe huitwa mjonso, nao ni dawa ya tumbo ya watu wa kwao. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nguvu. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha kwamba uchungu wa mjonso una kemikali zinazodhuru minyoo. Tena imeonekana kwamba sokwe humeza majani yenye vinyweleo bila kuyatafuna, nayo hupita tumboni na kutoka na minyoo ya utumbo. Dawa moja, wagonjwa wa aina mbili. Fahari ya habari hii ni ya Seifu sawa na ilivyo ya Huffman: pasipo mtu aliyeujua mti, kungalikuwako tu mnyama anayetafuna kijiti.

Lakini dawa ya msituni imetokana na ugonjwa wa msituni. Sokwe na minyoo yao wamekaa pamoja kwa vizazi visivyohesabika. Virusi vya mafua ya binadamu ni jambo jingine. Mwili wa sokwe unafanana na wa mtu kiasi kwamba virusi vyetu hukuta milango ileile ya kuingilia, hali kinga yake haijapata kukutana navyo. Mtoto wa mjini hupata mafua mara nyingi kabla hajaanza shule, na kila mara mwili wake hujifunza. Sokwe mzee wa Mahale huenda hakujifunza hata mara moja. Kinachomfanya mgeni apenge makamasi siku tatu chaweza kumletea sokwe ugonjwa wa mapafu na kifo.

Hili si la kukisia. Mwaka 1966, kule Gombe, ugonjwa wa kupooza wa polio uliwaua na kuwalemaza sokwe kadhaa, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwa pia miongoni mwa watu wa jirani. Mwezi Juni na Julai 2006 kundi la M la Mahale lilishikwa na ugonjwa wa kukohoa na kutoka makamasi. Maiti chache zilipatikana. Wengine hawakuonekana tena. Kwa jumla ilidhaniwa kuwa sokwe wapatao 12 walikufa, katika kundi lenye sokwe sitini na kitu. Katika vipimo vya sokwe wa Mahale waliougua vilipatikana vinasaba vya virusi vya jamii ya vile vinavyowashika watu mapafuni. Mwaka 2008 uchunguzi wa sokwe wa msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, ulithibitisha kwamba virusi vilivyowaua vilitoka kwa binadamu.

Idadi ya kumi na mbili yaweza kuonekana ndogo kwa msomaji aliyezoea kuhesabu kuku. Na afanye hesabu. Sokwe jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 hivi, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka mitano au sita. Tuchukue kundi lenye mama ishirini: kwa mwaka watazaliwa watoto watatu au wanne, na wengi hufa kabla ya kuachishwa ziwa. Watakaobaki ni wawili. Kutoka humo watoe wazee wanaokufa kwa kawaida. Inadhihirika kwamba juma mbili za kikohozi zaweza kula kazi ya uzazi wa miaka kumi.

Basi ndiyo asili ya sheria zinazomkuta mgeni: asikae karibu zaidi ya mita kumi, asizidi saa moja mbele ya sokwe, avae kitambaa cha kufunika pua na mdomo, asile mbele yao, asiteme mate, asiende haja msituni bila kuchimba shimo. Mita kumi hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Matone makubwa ya mate yanayoruka mtu anapokohoa huanguka kabla ya kufika mbali hivyo. Yale madogo sana yanayoelea hewani huweza kwenda mbele zaidi, na hapo ndipo kitambaa kinapokuwa na kazi. Ilipotokea korona mwaka 2020, watu wa dunia nzima walijifunza kwa huzuni somo ambalo watembezaji wa Mahale walikuwa wakilifundisha kwa miaka kadhaa.

Ugumu ni kwamba sokwe hawajui sheria hiyo. Wamezoezwa kutomwogopa mtu. Hiyo ndiyo gharama ya miwa ya Kasoge, ingawa desturi ya kuwapa chakula ilikomeshwa mwaka 1987. Mtoto wa sokwe huweza kushuka mtini na kupita karibu na viatu vya mgeni. Inampasa mgeni arudi nyuma. Picha nzuri ya maisha yake, aliyoilipia nauli ya nusu ya dunia, iko hatua tatu mbele yake, naye hana budi kuiacha ipite.

Wako wanaosema basi na wazuiwe wageni wote. Hoja hiyo ni nyepesi kuliko inavyosikika. Kiingilio cha wageni hulipa askari wa doria. Pasipo doria mitego na mashoka huingia. Katika mwaka 2020, wageni walipokatika, hifadhi nyingi za Afrika zilionja ladha ya ukata huo. Wapo pia watafiti, askari na watembezaji, ambao hukaa na sokwe siku nyingi kuliko mtalii yeyote, nao wana watoto wanaopata mafua vijijini. Kwao barakoa na likizo ya ugonjwa yenye malipo ni vifaa vya kuhifadhi wanyama sawa na mashua ya doria. Umbali wa Mahale, ambao watu wa biashara huulalamikia, umekuwa ngao: wanaofika ni wachache, na muda wa safari huwapa baadhi ya mafua nafasi ya kujidhihirisha kabla ya kufika mlimani. Barabara nzuri na vitanda vingi vingeleta fedha nyingi na vikohozi vingi kwa pamoja. Kati ya viwili hivyo ni bora kambi zibaki ndogo na kiingilio kibaki ghali, ingawa ghali hiyo ina aibu yake, maana humzuia mwanafunzi wa Kigoma kuliko mtalii wa ng'ambo. Yangekuwapo mashua ya shule na siku za wanafunzi, aibu hiyo ingepungua.

Na yule aliyejibu kwa kweli kwamba ana mafua? Wenzake wamepanda mlimani, naye ameachwa na kiti, miwani ya kuogelea na onyo la kukaa mbali na mdomo wa kijito, kwa ajili ya mamba na viboko. Anaingia majini pale penye mawe, ambapo mtu huona hadi chini. Katika ziwa hili kuna aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii ya perege, karibu zote zisizopatikana mahali pengine popote duniani. Baadhi yao hulea watoto kinywani. Akitulia kando ya jabali moja, yaweza kutokea amwone mama akifungua mdomo, na wingu la samaki wadogo kama punje za ulezi likitoka kutazama dunia; kivuli chake kikisogea tu, wote hurudi ndani, na mdomo hufungwa.